Je, Wajua? Mbio za Kuwakumbuka Waliokwenda Vitani

Je, wajua kwamba wazo la mbio kongwe za Comrades za Afrika Kusini lilichipuka kwenye vumbi la Tanganyika? Aliyezianzisha, Vic Clapham, alikuwa askari wa miguu katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kikosi chake kilitembea takriban kilomita 2,700 kikimfukuza kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck na askari wake. Jua, matope, malaria, kuhara, na chakula kisichotosha. Lettow-Vorbeck mwenyewe hakukamatwa. Aliweka silaha chini Novemba 1918 huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, baada ya kupata habari kwamba Ulaya vita vimeshakwisha.

Wajua kwamba Clapham alikuwa dereva wa treni? Alipotaka kuwakumbuka wenzake waliokufa hakufikiria sanamu wala mnara, alifikiria mbio za kutoka Pietermaritzburg hadi Durban. Akapeleka ombi kwa chama cha waliopigana vita, League of Comrades of the Great War, mwaka 1918. Wakamkatalia, kwamba ni mateso kwa binadamu. Akarudi 1919, akakataliwa. Akarudi 1920, vilevile. Hoja yake ilikuwa moja: ikiwa watu wa kawaida walivalishwa sare wakatembezwa nusu ya Afrika, mkimbiaji aliyejiandaa atashindwaje na kilomita 90? Mwaka 1921 wakachoka naye, wakampa ruhusa pamoja na pauni 1 ya gharama. Pauni ya kurudisha, lakini.

Na jina? Comrades ni makomredi. Kwa Kiswahili cha enzi ya TANU tungesema Ndugu, na mimi naona lingependeza zaidi.

Siku ya kwanza, 24 Mei 1921, walijipanga wanaume 34. Waliomaliza walikuwa 16. Mshindi, Bill Rowan, alitumia saa 8 na dakika 59, sehemu kubwa ya njia ikiwa barabara ya udongo. Mwaka 2023 Tete Dijana alishuka njia hiyo hiyo kwa saa 5, dakika 13 na sekunde 58.

Ukitaka kupata picha ya umbali wenyewe, fikiria kutoka Nairobi hadi Naivasha kwa miguu, na vilima vyake. Marathoni ya kawaida ni kilomita 42.195. Ukishaimaliza hiyo, kwenye Comrades bado hujafika nusu.

Je, wajua kwamba mbio hizi hubadilisha uelekeo? Mwaka mmoja wanapanda kutoka Durban, mwaka unaofuata wanashuka kutoka Pietermaritzburg. Neno "kushuka" lisikudanganye: kuteremka kwa saa nyingi huyala mapaja, na kesho yake hata ngazi tatu za nyumbani unazishuka kinyumenyume.

Karibu na katikati ya njia kuna kijishimo kilichochongwa kwenye ukingo wa barabara. Kinaitwa kiti cha Arthur, kwa heshima ya Arthur Newton, aliyeshinda mara 5 katika miaka ya 1920. Mkimbiaji akifika hapo huvua kofia, huweka ua, na kusema, "Habari za asubuhi, Arthur." Wanaamini asiyesalimia nusu ya pili itamtoa roho. Kwetu hili halihitaji maelezo: umepita penye makazi ya mkubwa, piga hodi.

Na jogoo je? Mwaka 1948 mkimbiaji Max Trimborn, mwili ukimwasha kwa wasiwasi pale mwanzoni, aliwika kama jogoo. Watu wakacheka, wakataka tena. Trimborn ameshafariki, ila sauti yake iliyorekodiwa bado huwika alfajiri kabla ya bunduki ya kuanzia.

Je, wajua kwamba Frances Hayward alikataliwa kujiandikisha mwaka 1923 kwa sababu ni mwanamke? Alikimbia hivyohivyo, akamaliza kwa saa 11 na dakika 35. Medali hakupewa. Watazamaji wakachangishana wakamnunulia seti ya vyombo vya chai vya fedha. Robert Mtshali, mtu mweusi wa kwanza kujulikana kuzimaliza, alitumia saa 9 na nusu mwaka 1935, naye hakuingizwa katika matokeo. Milango ilifunguliwa rasmi kwa weusi na kwa wanawake mwaka 1975 tu. Yaani kwa zaidi ya miaka 50 mbio za kuwakumbuka ndugu wa vitani zilichagua ndugu.

Mwaka 1981 zilipounganishwa na sherehe za miaka 20 ya Jamhuri ya makaburu, Bruce Fordyce alikimbia akiwa amefunga kitambaa cheusi mkononi. Alirushiwa nyanya. Akashinda, na kabla ya kustaafu alikuwa ameshashinda mara 9.

Wally Hayward alishinda mara ya kwanza mwaka 1930 akiwa na umri wa miaka 21. Mwaka 1989, na miaka 80 mgongoni, alirudi na kuvuka mstari zikiwa hazijabaki hata dakika mbili.

Maana kuna mlango hapo, na unafungwa. Siku hizi kikomo ni saa 12. Sekunde za mwisho zinapokaribia, afisa mwenye bunduki husimama kwenye mstari akiwapa mgongo wanaokuja, asimwone yeyote na asimwonee huruma yeyote. Saa ikitimu, anafyatua. Aliye hatua mbili nyuma ya mstari, baada ya kilomita karibu 90, hana medali. Anayepenya kati ya saa ya 11 na ya 12 hupewa medali yenye jina la Vic Clapham.

Tuvuke bahari. Je, wajua kwamba Marine Corps Marathon ya Marekani, iliyoanza mwaka 1976 na inayopita Washington, haimpi mshindi hata senti ya zawadi? Humo mna kipande kinachoitwa Maili ya Bluu. Unakimbia na kelele za vigelegele na ngoma, halafu ghafla kimya. Pembeni mwa njia yamesimikwa mabango, moja baada ya jingine, kila moja na picha ya mwanajeshi aliyekufa. Vijana wengi, na wengine wanatabasamu. Mabango yakiisha zinaanza bendera, zimeshikwa na watu, na miongoni mwao wamo wazazi na wajane. Wakimbiaji huvua hedifoni. Wapo wanaoacha kukimbia kabisa wakatembea, wakatafuta sura wanayoijua, wakaigusa, wakaendelea.

Huko New Mexico, tangu 1989 watu hutembea umbali wa marathoni jangwani kuwakumbuka Wamarekani na Wafilipino waliotembezwa kwa nguvu na jeshi la Japani huko Bataan, Ufilipino, Aprili 1942. Kuna kundi la wanaobeba mabegi ya kilo 16 hivi. Wapo wanaoyajaza mchele na maharage, wakifika mwisho wanavigawa kwa wasio na chakula.

Kilo 16. Je, wajua wapagazi wa vita ile ya Clapham walibeba ngapi? Zaidi ya kilo 20 kichwani, siku baada ya siku, peku. Zaidi ya watu milioni moja walikusanywa Afrika Mashariki na ya Kati kuwabebea Waingereza na wenzao risasi na unga. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi.

Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Litamke haraka haraka: Kariakoo. Jengo la soko ambalo Wajerumani walikuwa wamelijenga Dar es Salaam, Waingereza walilifanya kambi ya wapagazi. Nairobi nako kuna Kariokor. Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 pale katikati ya Dar, yenye singe iliyoelekezwa bandarini, imebeba maandishi ya Kiswahili hata kwa herufi za Kiarabu, lakini aliyesimama juu ni mwenye bunduki. Mpagazi utamwona kwenye sanamu za Nairobi.

Raba zangu za mazoezi ni za mtumba, nilizinunua Kariakoo baada ya kubishana bei nusu saa. Nikiwa nimeshika moja mkononi nilimuuliza kijana muuzaji kama anajua jina la hapa lilitoka wapi.

"La Kizungu hilo, mzee," alinijibu, mkono kaunyoosha. "Unachukua jozi, au nirudishe?"