Miwani ya rangi haijathibitika kumsaidia mtoto kusoma

Mzazi ambaye mtoto wake amefika darasa la nne bila kuweza kusoma aya moja vizuri huwa tayari kujaribu lolote. Nchini Marekani, Uingereza na Australia, wazazi wengi wa namna hiyo wameuziwa miwani yenye lenzi za rangi, inayodaiwa kutuliza maandishi yanayocheza machoni.

Chimbuko la tiba hiyo ni maelezo yaliyotolewa mwaka 1983 na Helen Irlen, mwanasaikolojia wa California. Alidai kuwa baadhi ya watu hushindwa kusoma kwa sababu ubongo wao huelemewa na aina fulani za mwanga, hivyo kuona herufi zikitikisika, kufifia au kupandana. Dawa yake ni kufunika ukurasa kwa karatasi angavu ya plastiki yenye rangi, au kuvaa miwani ya rangi anayochaguliwa kila mtu peke yake.

Madai hayo yamepimwa mara kadhaa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, wataalamu wa Uskoti waliwachunguza watoto 61 wa miaka 7 hadi 12 wenye matatizo ya kusoma. Mpimaji wa mbinu ya Irlen alisema zaidi ya robo tatu yao wana tatizo hilo, idadi ambayo peke yake inazua maswali. Hata hivyo, watoto hao walipopewa karatasi ya rangi waliyochaguliwa, kisha ya rangi nyingine, kisha isiyo na rangi, usomaji wao haukuonyesha tofauti ya maana.

Miaka miwili kabla, mwaka 2009, vyama vya madaktari wa watoto na wa macho vya Marekani vilikuwa vimetoa tamko la pamoja kuwa hakuna ushahidi wa kisayansi wa kutosha kuunga mkono lenzi hizo.

Kwa nini basi wapo wanaoapa kuwa zimewasaidia? Mtoto aliyevalishwa miwani mipya hupata moyo, huangaliwa zaidi nyumbani na shuleni, na huendelea kukua. Wengine, hasa wenye kipandauso, husumbuliwa kweli na mwanga mkali. Lakini kupata nafuu ya macho si kujua kusoma.

Ugumu wa kusoma ujulikanao kama disleksia, kwa walio wengi, hautokani na macho bali na jinsi ubongo unavyounganisha sauti za lugha na herufi. Ndiyo maana madaktari hushauri mtoto apimwe macho kwanza, ili kama haoni mbali au haoni karibu apewe miwani ya kawaida. Macho yakiwa salama, kinachobaki ni kufundishwa hatua kwa hatua sauti ya kila herufi na namna ya kuziunganisha, mbinu ambayo jopo la wataalamu wa Marekani liliithibitisha mwaka 2000. Kazi hiyo huchukua miezi, na kila muhula unaopotea kwa kusubiri rangi ifanye kazi humwacha mtoto nyuma zaidi ya wenzake.