Chama, Mfadhili na Mnunuzi: Nani Alipe Umeme wa Tangi?

Juma lililopita tulizungumza juu ya usafi wakati wa kukamua. Leo tusogee mbele kidogo. Maziwa yamefika kituoni. Je, pale kituoni nani ana wajibu gani?

Vyama vingi vya wafugaji hushirikiana na watu wawili: mfadhili, anayetoa tangi la kupozea au mafunzo, na mnunuzi, yaani kiwanda. Mkoani Tanga jambo hili si geni. Mradi wa ng'ombe wa maziwa uliosaidiwa na Uholanzi ulianza katika miaka ya 1980. Katika miaka ya 1990 wafugaji wakaunda chama chao kikuu cha ushirika, kisha kiwanda cha Tanga Fresh kikaanzishwa kwa ubia kati ya chama hicho na wawekezaji wa Kiholanzi.

Lakini si kila mahali mambo huenda vizuri. Nilipata kuhudumia kituo kimoja ambacho umeme wa tangi ulilipwa na mfadhili. Mradi ukaisha, magari yakaondoka. Usiku mmoja mashine ikazima. Kiwanda kikasema, "Tangi si letu." Mfadhili akasema, "Mradi umefungwa." Asubuhi maziwa yote yakakataliwa. Mama mmoja alikuwa ameleta lita 12, ndiyo karo ya mwanawe. Hapo hakuna aliyevunja ahadi, maana ahadi yenyewe haikuandikwa!

Basi, kabla ya kupiga makofi na kupokea tangi, ulizeni mambo manne, na majibu yaandikwe:

Kwanza, tangi ni mali ya nani, leo na baada ya mradi kwisha?

Pili, nani atalipa umeme, fundi na vipuri?

Tatu, maziwa yatapimwa wapi, na nani atashuhudia kwa niaba ya chama? Yakiharibika baada ya kupakiwa garini, hasara ni ya nani?

Nne, malipo ni siku gani, na bei ikibadilika mtaarifiwe siku ngapi kabla?

Tena msingoje mfadhili aondoke ndipo mwanze kuweka akiba. Tuseme kituo chenu hupokea lita 800 kwa siku. Mkikata shilingi 20 tu kwa kila lita, mtapata shilingi 16,000 kwa siku, na kwa siku 30 ni shilingi 480,000. Fedha hizo ziwe na daftari lake, na zisomwe mbele ya wanachama.

Kumbukeni, mfadhili anadaiwa ripoti, kiwanda kinatafuta faida, na chama kinawajibika kwa wanachama. Hakuna ubaya hapo, ila kila mmoja huvutia upande wake. Kwa hiyo wote watatu wakutane angalau kila miezi mitatu, na muhtasari wa kikao utiwe sahihi.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Haya, ndugu zangu, tukutane tena juma lijalo. Kwa herini.