Motokari ya Zamani Yataka Subira

Mwaka 1984 kiwanda cha Peugeot cha Ufaransa kilianza kuuza motokari ndogo yenye mbio, jina lake 205 GTI. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 105, na baadaye ikaja nyingine ya farasi 130. Hata leo wako watu huko Ulaya wanaoinunua ikiwa imechakaa, wakaitengeneza wenyewe nyumbani.

Je, yafaa kuanza wapi? Wengi hukimbilia rangi, kwa kuwa rangi huonekana na jirani. Hilo ni kosa. Kwanza ni breki: mafuta yake hunyonya unyevu wa hewa, basi yabadilishwe kila miaka miwili. Pili ni mkanda unaoongoza vali: ukikatika njiani, pistoni hugonga vali na injini huharibika papo hapo. Tatu ni ekseli ya nyuma. Maji yakipenya katika beringi zake, kutu huzila, na magurudumu huinama kwa ndani upande wa juu. Asikiaye mlio huko asingoje. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tena mtu asiingie kamwe chini ya motokari iliyoshikwa na jeki peke yake. Aitegemeze juu ya vyuma imara. Na akiwa katika kona asiachie mafuta ghafula, maana motokari hii ni nyepesi, na mkia wake huweza kumgeuza.

Rangi yaweza kungoja mwaka mzima. Breki haziwezi kungoja hata siku moja, kwa maana watoto wamngojea baba yao nyumbani.