Mzigo Ndio Unaozaa Presha: Msingi wa Haidroliki kwa Fundi Anayeanza

Katika viwanda vya kuchambua pamba vya Kanda ya Ziwa, kuanzia Mwanza hadi Shinyanga na Simiyu, kazi ya mwisho kabla pamba haijapakiwa kwenye lori ni kufunga marobota. Pistoni ya haidroliki huisukuma pamba ndani ya sanduku la chuma mpaka ishikamane na kuwa robota gumu la kufungwa waya. Siku mashine hiyo inaposhindwa kubana, kauli ya kwanza kusikika ni "pampu imechoka". Pampu hufunguliwa, mpya hununuliwa kwa fedha nyingi, na inatokea robota la kesho yake likatoka laini vilevile. Hasara ya namna hii huanzia kwenye jambo moja ambalo fundi anayeanza anapaswa kulielewa kabla hajashika spana: pampu kazi yake ni kusukuma mafuta. Presha huzaliwa pale mafuta hayo yanapokutana na kitu kinachoyakatalia njia.

Itazame mashine ikiwa kazini. Pistoni inapoanza kusonga, pamba bado imejaa hewa na haina ubishi, kwa hiyo geji inasoma chini kabisa. Pamba inavyozidi kubanwa inazidi kukataa, na mshale wa geji unapanda. Muda wote huo pampu ni ileile, inazunguka kwa kasi ileile na kutoa mafuta karibu kiasi kilekile. Kilichobadilika ni pamba. Ukichukua geji ukaiunganisha kwenye pampu nzima ambayo mafuta yake yanarudi tangini bila kizuizi, itasoma karibu na sifuri, na hiyo si dalili ya ubovu wowote.

Kanuni inayotawala hapa ni ya Blaise Pascal, Mfaransa ambaye kitabu chake kuhusu usawa wa vimiminika kilichapishwa mwaka 1663, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Alionyesha kwamba ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa, mkandamizo huo huenea sawasawa kila upande. Zaidi ya karne moja ikapita kabla Joseph Bramah wa Uingereza hajaigeuza kanuni hiyo kuwa mashine ya kubana, aliyoipatia hataza mwaka 1795. Kilichomsumbua Bramah kilikuwa kuvuja kwa maji pembeni mwa pistoni, na Henry Maudslay, aliyekuwa akifanya kazi katika karakana yake, ndiye anayetajwa kuwa alitatua tatizo hilo kwa sili ya ngozi yenye umbo la kikombe. Kwa maneno mengine, sili na kuvuja vimekuwa kiini cha ufundi huu tangu siku ya kwanza.

Sasa tuingize hesabu, maana haidroliki bila hesabu ni kubahatisha. Tuseme silinda ina kipenyo cha ndani cha milimita 200. Eneo la uso wa pistoni yake ni sentimita za mraba 314. Bar 1 ni nguvu ya niutoni 10 kwa kila sentimita ya mraba, hivyo geji ikisoma bar 200, pistoni inasukuma kwa niutoni 628,000, sawa na uzito wa tani 64 hivi. Ukitaka nguvu zaidi una njia mbili tu: presha kubwa au eneo kubwa.

Kasi ina hesabu yake. Pampu ikitoa lita 60 kwa dakika, hizo ni sentimita za ujazo 60,000. Zigawe kwa 314, utapata sentimita 191 kwa dakika, yaani zaidi kidogo ya sentimita 3 kwa sekunde. Presha haimo kabisa katika hesabu hiyo. Pistoni inaporudi huenda kasi zaidi, kwa sababu rodi yake imechukua sehemu ya nafasi na mafuta ya kujaza upande huo ni machache. Fundi asiyelijua hili anaweza kudhani mashine ina kasoro, kumbe ndivyo ilivyoundwa.

Kutoka hapo swali la kwanza la uchunguzi linajileta lenyewe: mashine imepungukiwa nguvu au kasi? Ikienda kwa kasi yake ya kawaida lakini ikasimama mapema, geji imegota bar 120 na haipandi, jiulize mafuta yanakwenda wapi. Pampu bado inatoa lita zake na pistoni imesimama, kwa hiyo lazima yawe yamepata njia nyingine. Huenda valvu ya usalama inafunguka mapema kwa sababu springi yake imelegea au uchafu umekwama kwenye kiti chake. Huenda sili za pistoni zimekatika na mafuta yanapita ndani kwa ndani. Huenda valvu inayoelekeza mafuta imelika. Pampu iliyochakaa nayo ina tabia yake: bila mzigo hukaribia kasi ya kawaida, halafu mzigo ukiongezeka na mafuta yakipata moto inazidi kuzorota.

Njia hizi hutenganishwa kwa kupima moja baada ya nyingine. Mashine ikiwa imezimwa na presha yote imetolewa, ziba mabomba yanayokwenda kwenye silinda kwa vizibo vinavyostahimili presha ya mfumo, shusha valvu ya usalama hadi kiwango cha chini, kisha washa na uipandishe polepole huku ukitazama geji. Presha ikifika inapotakiwa na kukaa, pampu na valvu ya usalama ni nzima. Rudi kwenye silinda. Usizibe kamwe kati ya pampu na valvu ya usalama, kwani hapo mafuta hayana pa kukimbilia na kitu lazima kipasuke. Wala usiwe na haraka ya kukaza skrubu ya valvu hiyo ili kuipa mashine nguvu. Skrubu hiyo haizibi sili iliyokatika. Inaondoa tu kinga ya mabomba na ya watu walio karibu nayo.

Mafuta yanayopita njia ya mkato yanaacha alama ya joto. Bar 200 ukizidisha kwa lita 60 na kugawa kwa 600 unapata kilowati 20. Yote yakimwagika kupitia valvu ya usalama bila kufanya kazi, kilowati hizo 20 zinageuka kuwa joto ndani ya tangi. Joto hufanya mafuta kuwa mepesi kupita kiasi na kukausha sili. Bomba la kurudisha mafuta tangini lililo moto kuliko mengine linamwonyesha fundi makini mahali pa kuanzia.

Katika viwanda vya pamba joto lina msaidizi wake, vumbi la nyuzi. Hutanda kwenye mapezi ya kipoza mafuta na kuziba kifuniko cha tangi chenye tundu la kupumulia. Tundu likiziba, pampu hunyonya kwa shida na kutoa mlio mkali kama inatafuna kokoto, nayo huanza kulika kwa ndani. Uchafu ukiingia kwenye mafuta madhara ni makubwa zaidi, kwa sababu nafasi kati ya sehemu zinazoteleza ndani ya valvu ni mikroni chache tu, ilhali unywele wa binadamu unakaribia mikroni 70. Hata mafuta mapya ya kwenye pipa yapitishwe kwenye filta kabla ya kumiminwa tangini.

Kuhusu usalama sitapunguza neno. Mafuta yanayotoka kwenye kitundu cha hozi kwa presha kubwa hupenya ngozi na glavu. Kidonda huonekana kidogo, lakini mafuta yamekwisha kuingia kwenye nyama, na mwenzako anaweza kupoteza mkono. Mpeleke hospitali mara moja na umwambie daktari wazi kwamba ni mafuta ya presha. Kutafuta mahali panapovuja tumia kipande cha kadibodi, usitumie kiganja. Mashine yenye mtungi wa kuhifadhi presha, uliojazwa gesi ya naitrojeni, hubaki na nguvu hata umeme ukizimwa. Mafuta yaliyobanwa humo yaachiwe kwanza ndipo nati ifunguliwe. Mzigo ulioinuliwa ushushwe au ukingwe kwa vizuizi vya chuma.

Kijana aliyeko chuo cha ufundi au anayejifunza chini ya fundi mkubwa ajifunze kwa mpangilio huu: kwanza alama za michoro ya haidroliki, kisha afuate mchoro kwa kidole huku akitazama mabomba halisi, halafu aandike daftarini mashine nzima inasoma bar ngapi, inasonga kwa sekunde ngapi na mafuta yake yana joto gani. Mwenye kiwanda naye amnunulie geji nzuri na ampe muda wa kupima mashine isipokuwa na tatizo. Bei ya geji ni ndogo mno ukiilinganisha na ya pampu, na namba zile za daftarini ndizo zitakazomwambia fundi, siku robota linapotoka laini, kama pampu inahitaji kuguswa au la.