Namba Mbili Mlangoni

Tuseme nyumba moja ya Haneti, Wilaya ya Chamwino, imeandikwa namba mbili kwa chaki mlangoni. Moja ni ya mradi wa lishe, nyingine ya mradi wa macho. Mama mwenye nyumba ametia dole gumba kwenye fomu mbili za ridhaa, na mwanawe amezungushiwa utepe wa kupimia mkono na timu mbili zisizojuana. Kumchosha mama huyo ni kosa tosha. Kwa sisi tunaosimamia miradi, kuna hasara nyingine iliyojificha ndani ya takwimu.

Wilaya jirani ya Kongwa inalo somo. Huko vijiji sita viligawanywa kwa bahati nasibu: vyote vilipata dawa ya trakoma, ugonjwa wa macho, vitatu vikaongezewa kampeni ya kuwaosha watoto nyuso. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1995, yalionyesha kuwa trakoma kali ilipungua zaidi kwenye vijiji vya kampeni. Sasa mradi wa maji ungechimba kisima katika kimojawapo cha vile vitatu vingine bila kumwarifu mtu, watoto wangenawa, na hilo ni jema kabisa. Ila ulinganisho ungeharibika, na mtafiti asingejua kilichomkuta.

Dawa nayo haikai ndani ya mradi mmoja. Azithromaisini hugawiwa kijiji kizima kwa ajili ya macho. Utafiti wa Niger, Malawi na Kilosa, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa dawa hiyohiyo ilipunguza vifo vya watoto wadogo, hasa Niger. Anayepima afya ya watoto Haneti bila kujua tarehe ya ugawaji huo anaweza kujipa sifa ya kazi ya mwenzake.

Kisha kuna msimu. Mvua zetu ni za mara moja kwa mwaka. Februari ghala limekauka na mtama ungali shambani, Julai watu wameshavuna. Uzito wa mtoto uliopimwa Februari usiwekwe kando ya ule wa Julai kana kwamba ni siku moja.

Kibali cha utafiti huruhusu mradi kuingia, hakiupangi na mingine. Ndiyo maana nasisitiza mameneja wakutane kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kabla ya kuajiri wadodosaji, kila mmoja na orodha yake ya vitongoji, tarehe na dawa. Wamwite pia mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Yeye hupita mlangoni pale kila wiki, na namba zote mbili anaziona.