Tusiwaite Watoto Njiti Wazembe

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani Kombewa, na dada yangu akanionyesha ripoti ya shule ya mwanawe. Okewo wangu, kama tumwitavyo mpwa kwa Kijaluo, ana umri wa miaka tisa. Husoma vizuri na hesabu hazimpi taabu. Hata hivyo, mbele ya somo la mwandiko mwalimu alikuwa ameandika neno moja tu: "Mzembe."

Sisi wanaisimu twajua kwamba jina laweza kumfunga mtu. Mtoto huyo alizaliwa katika wiki ya 30 ya mimba. Kiswahili humwita njiti, jina ambalo husahauliwa mara tu mtoto anaponenepa. Lakini athari za kuzaliwa mapema zaweza kudumu hata baada ya mwili kujaa.

Mimba ya kawaida huchukua wiki zipatazo 40. Azaliwaye kabla ya wiki ya 37 huhesabiwa njiti. Katika miezi mitatu ya mwisho ubongo hukua kwa kasi, na njia zinazopeleka amri kwenye misuli hujengeka. Njiti huikamilisha kazi hiyo nje ya tumbo la mamaye. Ndiyo sababu watoto hawa, hasa waliozaliwa kabla ya wiki ya 32, hutatizika mara nyingi zaidi kuliko wenzao katika kufunga vifungo, kudaka mpira, kusimama kwa mguu mmoja na kuandika upesi. Si wote, wala hiyo si dalili ya upungufu wa akili.

Jambo hili latuhusu sana sisi watu wa ziwani. Malaria, ambayo haijatuacha, ni miongoni mwa sababu za akina mama kujifungua kabla ya wakati.

Yafaa basi mwalimu amwulize mzazi habari za kuzaliwa kwa mtoto kabla ya kumhukumu. Ampe muda zaidi wa kuandika, na pengine amruhusu kujibu kwa mdomo. Mzazi naye ampeleke hospitalini akapimwe, na nyumbani amzoeze vidole: achambue omena, atunge shanga, ajifunge viatu mwenyewe. Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini hakunjwi kwa matusi.

Kabla ya kuondoka nilimwomba okewo aniandikie jina lake. Alichukua muda mrefu, ulimi nje, jasho likimtoka. Herufi zote zilikuwapo.