Kuzungusha au Kuhamisha Magurudumu?

Wafasiri wa vitabu vya matengenezo ya magari hukutana na agizo ambalo, likifasiriwa neno kwa neno, husomeka "zungusha matairi". Msomaji wa Kiswahili atalizungusha gurudumu palepale lilipo, ilhali kinachotakiwa ni kulipeleka mahali pengine. Kwa hiyo istilahi ifaayo ni kuhamisha magurudumu. Twasema magurudumu, si matairi, kwa kuwa tairi halitolewi katika ringi yake.

Tuchukue mfano wa pikapu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Hayo ndiyo yabebayo shehena. Ya mbele huelekeza gari na hulika zaidi kingoni. Ili yote yalike sawasawa, kila baada ya kilomita 8,000 hivi, au kama kitabu cha gari kielekezavyo, ya nyuma hupelekwa mbele upande ule ule, na ya mbele hupelekwa nyuma kwa kupishana: la kulia kushoto, la kushoto kulia. Matairi yaliyotengenezwa kwa mwelekeo mmoja hayabadilishwi upande.

Vitenzi vingine viwili navyo visichanganywe. Nati hulegezwa gari lingali chini; hufunguliwa baada ya gari kuinuliwa kwa jeki na kuegemezwa juu ya vihimili imara. Hukazwa kabisa gari likishashushwa. Mfasiri akiandika "fungua" mahali pa "legeza", gurudumu laweza kuchomoka gari likiinuliwa, na atakayeumia si yeye, bali ni msomaji aliyemwamini.